Kwenda Kithimani Kumtetea Fundi

Sababu ya safari ilikuwa daftari langu. Lilikuwa na jalada gumu la buluu, na ndani yake nilikuwa nimeandika kila nilichokiona kwenye Meli ya Kijivu, kuanzia kanda ya kwanza hadi ya kumi na moja. Kazi hiyo ilinichukua zaidi ya mwaka, maana mimi huandika polepole. Shule niliishia darasa la nane, na Kiingereza cha wale waigizaji kilinipita kabla sijakishika. Kwa hivyo sikuandika maneno yao. Niliandika nilichokiona: nani ameingia, amevaa nini, ameumia mkono gani.

Meli ya Kijivu ilikuwa hadithi ndefu ya video, ya watu saba waliopotea kati ya nyota wakitafuta njia ya kurudi kwao. Miaka hiyo ya tisini ikielekea mwisho, kanda zake zilikuwa za Mama Nduku, mfanyabiashara wa Kithimani aliyekuwa na chumba cha video nyuma ya duka lake. Kanda ikishaonyeshwa huko mwezi mzima, alituazima sisi wa Kalama. Tuliiangalia Jumapili baada ya kanisa, kwenye kinu cha kusaga cha kaka yangu Muli, kwa tivi ya betri ya lori.

Ubishi ulikuwa mmoja. Mwishoni mwa kanda ya tatu, Fundi wa ile meli aliungua akizima moto wa injini, akafa. Tulimwona amefungwa shuka, wakamtoa nje, akaelea akaishia gizani. Kanda ya nne ilipoanza, Fundi alikuwa ameketi mezani anakunywa chai. Hakuna aliyeshtuka. Hakuna hata aliyemuuliza ametoka wapi.

Muli alisema ni ule mlango wa sakafu ya chini, ambao haujawahi kufunguliwa tukaona kilicho ndani. Mlango ule, alisema, unarudisha wafu na kuwafuta walio hai kumbukumbu. Kithimani walisema yule mnywaji wa chai si Fundi, ni nakala yake iliyotengenezwa na maadui ipeleleze meli. Mambo yaliharibika siku ya soko, Muli alipomwambia Kyalo, mwana wa Mama Nduku, kwamba watu wa Yatta, upande ule wa Kithimani, huangalia sinema kwa tumbo. Kanda ya kumi na mbili, ambayo ndiyo ya mwisho, ikazuiwa. Baada ya wiki mbili ukaja ujumbe kutoka Kithimani: "Mlete yule wa daftari. Akitushinda kwa hoja, aondoke na kanda. Akishindwa, daftari libaki hapa."

Muli alikubali kabla ya kuniuliza.

Ijumaa alfajiri niliteremka kwa miguu kutoka Kalama hadi Machakos mjini, daftari likiwa ndani ya mfuko wa unga, mfuko ndani ya shati. Muli alikuwa amenifundisha hoja tatu, na nilizirudia njia nzima, nikinyamaza kila nilipopishana na mtu. Mimi si mtu wa kuongea. Shuleni, nikiambiwa nisome kwa sauti, nilikuwa nasimama na kitabu nikitazama maandishi hadi mwalimu achoke aseme keti.

Kwenye saa tatu nilipata lori lililokuwa linakwenda Yatta kuchukua nyanya. Dereva aliniweka nyuma na makreti matupu. Tulipita Kangundo, tukateremka hadi mto Athi, tukavuka. Ng'ambo ya pili hewa ilibadilika, ikawa kavu na ya moto, na milima yetu ikabaki nyuma kama mstari wa penseli. Nikazirudia tena hoja. Nilijua hoja ya kwanza na ya pili. Ya tatu ilikuwa inanitoka kila gurudumu likiingia shimoni.

Saa nane mchana nikashuka Kithimani. Mama Nduku alikuwa mlangoni mwa duka anapima mbaazi.

"Wakya?" akanisalimu.

"Aa," nikajibu.

"Wewe ndiye Mutua wa daftari? Nilidhani ni mtu mzima. Ingia ule."

Nilikuwa nakula isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, Kyalo alipoingia, kijana mrefu wa miaka kama ishirini na minne. Hakunisalimu kwa mkono. Aliomba kuliona daftari, nikampa, akalipima uzito kwa kiganja kama mtu anayenunua nyama.

"Umeandika yote haya wewe?"

"Ndiyo."

"Na Muli ako wapi? Anatuma mtoto?"

"Mlisema nije mimi."

"Tulisema. Kesho saa tisa, basi. Lala vizuri, bwana mdogo. Hili utaliaga kesho," akasema, akanirudishia.

Jumamosi asubuhi nilimsaidia Mama Nduku kuchambua maharagwe. Aliongea juu ya bei na mvua, na mimi nikawa naitikia tu. Kwenye rafu nyuma yake kulikuwa na sanduku la kanda, zote kumi na mbili, zimeandikwa namba kwa kalamu nyekundu. Kuna jambo lilikuwa linanisumbua siku nyingi, nami nikalisema hasa kwa sababu yeye hakuwa mmoja wa wabishi.

"Mama, mbona kanda ya tatu picha ni safi, halafu ikifika mwishoni inaingia chengachenga, na rangi zinakuwa zingine?"

"Hiyo ni wifi yangu wa Thika. Yeye ndiye alirekodi kutoka kwa tivi. Kanda ni ghali, mwanangu. Ikibaki na nafasi huko mkiani, si haachi ikae bure? Wiki akikosa kanda mpya, anachukua ya zamani iliyo na nafasi, anajaza hapo. Alipomaliza hadithi yote ndiyo akaniletea sanduku."

Mkono wangu ukasimama juu ya ungo. "Kwa hivyo kilicho mkiani mwa kanda ya tatu si lazima kiwe kilifuata ya tatu?"

"Kinaweza kuwa cha mwisho kabisa. Mimi sijui. Siangalii hayo mambo. Watu wanaelea hewani bila kushika kitu, mimi naumwa na kichwa."

"Umewahi kumwambia Kyalo?"

"Nani aliniuliza? Wao hupigiana kelele wenyewe kwa wenyewe."

Niliomba ruhusa, nikaenda nyuma ya ghala, nikafungua daftari. Kanda ya tatu, mwisho: *Fundi amekufa. Daktari analia. Nywele zake fupi.* Kanda ya nne: *Fundi anakunywa chai. Daktari nywele ndefu.* Pembeni nilikuwa nimeandika, *wigi?* Nikafunua hadi kanda ya kumi na moja. Pale yule Daktari wa meli anasimama mbele ya kioo na mkasi, anakata nywele zake, zinaanguka chini.

Hapakuwa na wigi. Fundi alikuwa amekunywa chai yake, akafanya kazi yake kanda nane nzima, ndipo akafa. Kifo chake ndicho kilichochomekwa mkiani mwa kanda ya tatu ili nafasi isipotee.

Nilikaa chini na daftari magotini. Nikisema hivyo mbele ya watu, nimemwua Kyalo na nakala yake, lakini nimemwua Muli pia na mlango wake. Na mimi nilitumwa kutetea mlango. Ningeweza kunyamaza, nikatoa hoja tatu nilizopewa, na huenda ningeshinda. Kunyamaza nilikujua vizuri kuliko kitu kingine chochote.

Saa tisa chumba cha video kilijaa, watu kama thelathini kwenye mabenchi. Nilisimamishwa mbele karibu na tivi. Daftari na kanda ya kumi na mbili viliwekwa pamoja juu ya meza.

"Sema, Kalama," Kyalo akasema. "Na usiseme na miguu yako. Tazama watu."

Nikatoa hoja ya kwanza. Sauti yangu ilikuwa ndogo, mtu wa nyuma akalalamika, nikairudia. Kwamba kila mara jambo gumu likitokea, kamera huonyesha ule mlango. Mwenye hadithi haonyeshi kitu mara tisa bila sababu.

"Sababu iko," akasema Kimeu, fundi wa baiskeli aliyekaa benchi la mbele. "Mlango ule ni gurudumu la spea. Mwandishi akipata pancha, analo. Asipopata, linakaa tu."

Watu wakacheka, lakini wengine waliniitikia kwa vichwa. Nikatoa hoja ya pili: jasusi huwa anaharibu, na huyu wa chai aliokoa meli mara nne. Hapo kicheko kiliisha. Nilimwona Kyalo anajikuna shingo.

"Na kama mlango unafufua," akauliza, "mbona yule rubani wa kanda ya sita hajafufuka?"

Hoja ya tatu ya Muli ilikuwa jibu la swali hilo hasa. Ilinijia yote, neno kwa neno: rubani alifia nje ya meli, na mlango hauna nguvu nje. Nikaitoa.

"Ni kweli," mzee mmoja akasema. "Alifia nje."

Kyalo akainuka, akashika kanda ya kumi na mbili. "Nyinyi hamjaiona hii. Humu ndani Fundi hayupo. Mwanzo hadi mwisho hayupo, na hakuna anayemtaja. Kwa nini? Kazi ya upelelezi imekwisha, ameenda zake. Jibu hilo."

Thelathini walinigeukia. Ningesema mlango umemmeza tena. Midomo ilikuwa tayari. Lakini nilikuwa namwona yule mtu amefungwa shuka, na nilijua sasa kwa nini hayupo.

"Hayupo kwa sababu amekufa," nikasema. "Hakurudi. Hakuna nakala, na mlango haukumrudisha. Tulionyeshwa kifo chake mapema kwa sababu kanda ya tatu ilikuwa na nafasi."

Kelele zikapanda. Mmoja akasema niketishwe, mwingine akasema ninaumwa na jua. Nilingoja. Nikaeleza juu ya wifi wa Thika, nikaeleza juu ya nywele. Kimeu ndiye aliyeinuka, akaweka kanda ya tatu na kuipeleka hadi mwisho. Daktari analia, nywele fupi. Akaweka ya nne. Nywele ndefu. Akaweka ya kumi na moja, na tukautazama mkasi ukifanya kazi. Mama Nduku aliitwa kutoka dukani, akathibitisha, akauliza kama kuna mwingine wa kumsumbua, akarudi kwa wateja.

Kyalo akaitoa kanda ya kumi na moja kwenye mashine.

"Ulikuja kutetea mlango," akaniambia.

"Ndiyo."

"Na umesema kwa mdomo wako mlango haukumrudisha mtu."

"Ndiyo."

"Basi Kalama imeshindwa."

"Na wewe pia umeshindwa, Kyalo," Kimeu akasema. "Jasusi wako ako wapi?"

"Nimeshindwa. Lakini si na mlango wenu, na tulisema Kalama ikishindwa, daftari libaki."

Nilitazama kama kuna atakayenitetea. Walikuwa wanatazama sakafu, na mimi mwenyewe sikuweza kusema Kyalo amekosea. Makubaliano yalikuwa hayo. Nikalichukua daftari mezani, nikampa kwa mikono miwili. Alilipokea kwa mikono miwili pia.

"Tutalihitaji kuzipanga upya," akasema, bila kebehi safari hii. "Keti. Kanda haitoki hapa, lakini hutaondoka Kithimani bila kuona mwisho."

Nikauona mwisho pale benchini, kati ya Kyalo na Kimeu, jua likiwa bado linaingia kwenye nyufa za mabati. Hapakuwa na kalamu mkononi mwangu. Nilitazama tu.

Jumapili asubuhi lori la nyanya lilinibeba hadi Machakos, na kutoka hapo nikapanda Kalama kwa miguu. Shati langu lilikuwa jepesi kifuani. Nilifika kinuni watu wametoka kanisani, wamekaa juu ya magunia wakiningoja.

"Kanda iko wapi?" Muli akauliza.

"Kithimani."

"Na daftari?"

"Kithimani."

"Heri umerudisha miguu," akasema mmoja, na wengine wakacheka. Muli hakucheka.

"Hoja ya tatu hukuitoa?"

"Niliitoa. Ilikuwa nzuri, kaka. Mzee wao mmoja alikubali. Halafu nikawaambia ukweli."

Nikamweleza mambo ya kanda, hapo hapo mbele ya watu. Alinibishia mara tatu. Nikamjibu mara tatu. Mara ya nne akakaa juu ya gunia lake na mikono katikati ya magoti.

"Kwa hivyo ile chai," akasema.

"Aliinywa akiwa mzima. Alikuwa hajafa bado."

"Na alikufa."

"Alikufa, Muli."

Nikaomba niwasimulie yote tena, kila kitu mahali pake. Nilidhani nisingeweza bila daftari. Lakini nilikuwa nimeandika polepole mno, kila koti na kila kidonda, na yote yalikuwa bado ndani yangu. Niliongea mchana kutwa. Nilipofika kwenye moto wa injini, baada ya mkasi na baada ya kanda zote alizowaokoa wenzake, hakuna aliyetaja mlango. Muli alivua kofia. Mzee mmoja akasema, "Alikuwa mtu mzuri," ndipo nikaendelea.

Nilichojifunza kwa safari ile ni hiki. Tulikuwa tumebishana mwaka mzima juu ya namna Fundi alivyorudi, na mwaka huo wote hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwomboleza.