Mkono wa Kulia wa Papa

Mimi nikiona damu nageuza uso, hata ya kuku. Lakini uniulize nani bondia bora wa nyakati zote, eh, wewe jua umeniharibia siku. Nitaacha vitunguu vyangu vioze tukibishana.

Depo yangu iko upande wa Rwanda, njiani kuelekea daraja la Rusizi II, mpakani na Kongo. Nauza vitunguu na nyanya kwa akina mama wanaovusha mizigo kwenda Bukavu, na mbele ya mlango nimeweka mzani mkubwa wa chini, ule wa kupimia magunia. Jumapili baada ya misa siuzi kitu. Nafungua tu kwa sababu watu wamezoea kuja kutazama mapambano ya zamani kwenye simu yangu, ambayo kioo chake ni kikubwa kuliko simu zao zote. Wanakuja Wabukavu, wanakuja wenzetu tuliolelewa Kongo tukarudi huku, kila mmoja na bondia wake moyoni.

Mkali wao ni motari mmoja wa Giheke, anayebeba watu kwa pikipiki na kuongea kana kwamba injini bado inawaka. Yeye hoja yake ni moja.

“Muzito ni muzito! Ule mudogo atamufanya nini? Atamuuma mu goti?”

Hapo ndipo swali lilipoanza kunikera. Tutawalinganishaje watu ambao hawawezi kukutana ulingoni? Wa uzito wa juu anapigana na wenzake, mdogo na wenzake, halafu sisi tunakaa hapa kuwapanga kama tulikuwepo. Nikawaambia, jamani, si sisi ni wachuuzi? Gunia la vitunguu maji ni zito, sawa, lakini kilo moja ya kitunguu saumu inauzwa bei gani? Basi tuhesabu kilo kwa kilo. Wakacheka, wakakubali, na desturi yetu ikazaliwa siku hiyo hiyo: anayetaka kumtetea bondia lazima kwanza apande mzani wangu, na atamtetea yule wa uzito wake tu. Motari, na kelele zake zote, alikutwa mwepesi hata akalazimika kuwasifu mabondia wadogo mchana kutwa. Aliteseka, maskini. Nilifurahi mno.

Basi Jumapili moja Papa akapanda mzani. Papa ni baba yangu mzazi, anaishi kwangu tangu Mama alipofariki, na kawaida alikuwa anakaa kwenye kreti pembeni akisikiliza tu. Sindano ya mzani ilisogea kidogo ikasimama. Hakufikia gunia.

“Mimi nilikuwa mouche,” akasema. Ndivyo Wabukavu wanavyouita uzito wa chini kabisa, kwa Kifaransa, yaani nzi. “Na nilimuangusha poids lourd, ule muzito wenyewe. Na mukono hii.” Akainua ngumi ya kulia.

Depo nzima ikalipuka kwa kicheko. Motari akapangusa macho. “Mzee, na heshima yote, ile ni bongo.”

Bongo, yaani uongo. Papa aliteremka, akautia mkono wa kulia mfukoni, akaondoka.

Ule mfuko naujua. Tulipokuwa watoto Bukavu, kila nyumba ya uani kwetu ilikuwa na fimbo, na jioni ungesikia watoto wakilia mlango kwa mlango. Sisi baba yetu hakutugusa. Siyo kwamba tulikuwa malaika, hapana, mimi nilikuwa shetani kamili. Lakini Papa akikasirika sana, hadi mishipa ya shingo inasimama, aliuficha mkono wa kulia mfukoni na kusema, “Mukono hii iliangusha muntu mukubwa. Haiko ya batoto.” Aliuogopa mkono wake mwenyewe. Mama ndiye aliyetuchapa, kwa mwiko. Sisi tuliwatambia watoto wa jirani kwamba baba yetu akitupiga hata mara moja tu tutakufa, na tuliamini.

Kwa hiyo motari hakujua alichokigusa. Papa akaacha kuja depo. Nikimpelekea chakula anakula kidogo, ananiuliza hali ya nyanya, basi. Mtu amekaa na neno lake moja la kujivunia maisha yote, halafu linachekwa juu ya mzani wa bintiye! Roho iliniuma. Lakini nitasema kweli, na mimi nilitaka kujua. Udadisi ni ugonjwa wangu. Nilimtazama Papa, vifundo vya mikono vyembamba vile, nikajiuliza: hivi kweli?

Nikamuuliza huyo mkubwa alikuwa nani. Akaniambia ni mwenzake wa klabu ya ngumi ujanani, alikuwa mbeba mizigo, na mara ya mwisho alisikia anaishi Kadutu, kule Bukavu. Nikawatuma wale mama wanaovusha vitunguu vyangu. Bukavu mtu mkubwa hapotei. Haukupita muda wakaniletea jibu: yupo, mzima, goti tu linamsumbua, na Jumapili atavuka daraja aje kumwona Mouche wake.

Papa nilimdanganya kwamba nataka anisaidie kupanga kreti. Alipofika depo na kumkuta yule mzee amejaa mlango wote, alisimama akapepesa macho.

“Mouche!”

“Ndugu yangu! Bado uko unakula?”

Walikumbatiana hadi Papa akapotea mle kifuani. Tukampandisha mgeni mzani kwa mujibu wa desturi, na mzani ukalia. Motari hakuweza kungoja hata soda zifunguliwe.

“Mzee, tuambie. Huyu alikuangusha?”

Yule mzee akamtazama Papa, akanitazama mimi. “Kuniangusha? Hapana. Hakuniangusha.”

Nikatamani ardhi inimeze. Mimi ndiye niliyemleta mtu huyu, mimi na kiherehere changu! Papa alikuwa ameshika kreti kwa mikono miwili na hakuiweka chini.

“Nilijiikalia chini mwenyewe,” mzee akaendelea. “Munisikilize. Mwalimu alituweka pamoja kwa mazoezi, akidhani ni mchezo. Napiga kushoto, haiko. Napiga kuume, haiko. Iko nyuma yangu! Napiga hewa, nazunguka, napiga hewa tena, batu banacheka. Nilichoka, nilichoka hata nilitaka kulia. Ngumi yake moja ikanigusa hapa,” akagusa kidevu, “nikasema, asante Mungu, nimepata sababu. Nikaikala.”

Depo ilipiga kelele hadi wapita njia wakachungulia. Motari aliruka. “Munasikia? Amemukalisha bila kumupiga! Kilo kwa kilo, Mzee ndiye namba moja, mambo imeisha!” Alikwenda kumpa Papa mkono, akainama na kumwomba msamaha kama mtoto aliyelelewa vizuri. Watu wakaanza kubishana upya, sasa juu ya kukwepa: kama mtu asiyepatikana si ndiye mkubwa kuliko wote. Lilikuwa swali zuri sana, na siku nyingine ningelishika mimi mwenyewe nisiliachie.

Lakini nilikuwa namtazama Papa. Ni yeye peke yake aliyekuwa hacheki.

“Haikuuma?” akauliza polepole.

“Nini?”

“Ngumi yangu. Haikuuma?”

“Hata kidogo, ndugu yangu! Mama yangu alikuwa ananipiga nguvu zaidi.”

Jioni tulimsindikiza mgeni hadi karibu na daraja, kisha tukapanda kilima kurudi nyumbani. Papa alitembea ameutoa mkono wa kulia nje, anaugeuza, anautazama juu na chini. Nikamwambia, “Papa, amekusifu kuliko ulivyojisifu wewe.” Akaitikia mm. Tukapita nyumba kadhaa.

“Kumbe miaka yote ile,” akasema, “ningeweza kuwachapa tu, sawa na baba wengine.”

“Umechelewa. Batoto tumekuwa babibi.”

“Simama pale.”

“Papa, watu wanatuona.”

“Simama, nakuambia.”

Nikasimama. Akapanga miguu yake katika vumbi, ya kushoto mbele, akashusha kidevu, na kabla sijajua kinachoendelea, kitu kilinifikia begani. Sikuuona mkono ukitoka wala ukirudi. Nilirudi nyuma hadi kwenye ukingo wa barabara, nikashika bega.

“Eeh?” akauliza. “Imeuma?”

Nilikuwa nimepanga kusema ndiyo kwa kumfurahisha tu, lakini bega lilikuwa linawaka kweli. Akasogea karibu, akanichungulia usoni, akaona machozi. Papa akautazama ule mkono, kisha taratibu akaurudisha mfukoni.