Kiganja cha Mama Mkwe

Dereva wa gari la wagonjwa alistaafu, lakini masikio yake yaligoma kustaafu. King'ora kikilia barabara ya pili, mguu wake wa kulia ulikanyaga mafuta chini ya meza ya chai. Mkewe, ambaye bado alikuwa akifundisha, akamletea boksi lenye ndoano, nyuzi, manyoya na waya wa madini ya risasi wa kuzamishia chambo.

"Zamani ulipenda kuvua samaki, wale trauti wa mtoni," akamwambia. "Sasa tengeneza chambo chako mwenyewe, mikono ipate shughuli."

Akaanza. Kila asubuhi alibana ndoano kwenye jiliwa dogo, kibanio cha chuma, karibu na dirisha, akaizungushia waya, akaufunika kwa uzi wa kahawia na manyoya, mpaka kikatokea kidudu kama wale wanaojificha chini ya mawe ya mtoni kabla hawajaota mabawa. Vya kwanza vilikuwa vituko. Taratibu vikashika umbo, na siku moja king'ora kikapita yeye akiwa anafunga uzi, mguu haukutikisika.

Mtoni, hata hivyo, mambo yalikuwa magumu. Jumamosi tatu mfululizo alirudi mikono mitupu.

Mama mkwe wake, aliyeishi nao na ambaye macho yalikuwa yamefifia, akanyoosha kiganja. "Hebu niwekee hapo hicho kidudu, mkwe wangu."

Akakipima uzito.

"Kimekonda hiki."

"Kina risasi ndani, Mama."

"Ndogo. Nimepima dawa famasi miaka ishirini na minane, kiganja hakijasahau. Samaki wako chini, wewe unawapitishia chakula juu ya vichwa."

Dereva akacheka kwa aibu. Akafumua, akaongeza mizunguko minne ya waya na ushanga wa shaba kichwani, akampa tena.

"Ehe. Hapo sawa."

Jumamosi iliyofuata, karibu na adhuhuri, mshipi ukasita ndani ya maji. Akainua fimbo ya kuvulia. Trauti mwenye madoa, mzito wa kutosha sufuria moja. Akakaa juu ya jiwe, akachomoa ndoano mdomoni mwa samaki.

Siku hizi wako wawili mezani. Yeye anafunga, mama mkwe anapima na kutenga: kopo hili la vizito, vya maji ya kasi, lile la vyepesi, vya maji yaliyotulia.

"Huyu mjamzito, mkwe wangu. Mpunguzie."

Mkewe akirudi kutoka kazini hukuta chai imepoa zamani, na hakuna aliyekumbuka kuipasha.