Jivu Juu ya Mafuta ya Nazi

Mtu anayeruka kasha hukabidhi shingo yake kwa mtu mwingine. Wazazi wengi hawakulijua hilo, na mimi sikupenda kulitangaza. Wakati wa Mwingereza nilikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika shule moja pale Lindi, na kila alasiri baada ya masomo nilisimama upande wa pili wa kasha, miguu nimeitanua, nikimngoja mtoto wa watu aje akipinduka hewani.

Acha nieleze mruko wenyewe, maana ukishauona vizuri utaelewa kwa nini nilikuwa mtu wa hofu. Kasha lilikuwa la mbao, kimo chake kifuani pa mtu mzima, na juu tuliliwamba gunia lililojazwa sufi. Mrukaji hukimbia, hukanyaga ubao uliowekwa mshazari, huweka viganja vyote viwili juu ya kasha, miguu hupanda ikapita juu ya kichwa, mwili ukageuka mzima, akatua upande wa pili akiwa wima. Katikati ya safari hiyo kuna kitambo kidogo ambapo yuko kichwa chini na hakuna kinachomshikilia ila mikono yake. Mikono ikikubali, watu hupiga makofi. Ikikataa, kichwa ndicho hutangulia kufika.

Mdakaji yupo kwa ajili ya kitambo hicho tu. Mkono wake mmoja humkamata mrukaji juu kidogo ya kiwiko, wa pili humpokea mgongoni. Hamvuti wala hamsukumi. Huenda naye, kama unavyomsindikiza mgonjwa hadi mlangoni. Niliwafundisha wanafunzi kudakana kwenye miruko midogo, na nikiona kijana anajifunza kumwangalia mwenzake badala ya kujiangalia yeye, moyo wangu ulifurahi kuliko nikimwona ameruka vizuri. Lakini ule mkubwa nilidaka mwenyewe.

Aliyeuweza alikuwa mmoja, mvulana wa mtaa wa Rasbura, mwembamba, mwenye miguu mirefu kama ya korongo. Siku moja tukiwa mazoezini, mkono wake wa kushoto ulikunjika akiwa juu kabisa. Nilimkamata. Nywele zake zilipita kwenye ukingo wa kasha, nikazisikia zikikwaruza ubao. Yeye alisimama, akajipangusa, akarudi kwenye mstari kuruka tena. Mimi nilikaa chini juu ya magunia yaliyotandikwa pa kutua, nikawaambia wanafunzi kwamba mazoezi yamekwisha.

Habari ilifika nyumbani kwao. Siku chache kabla ya mashindano mama yake alikuja shuleni na buibui lake, akasimama nje ya darasa mpaka nilipotoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi hayo mapinduko yenu siyajui. Nimeambiwa mkono ulimkataa, nawe ukamdaka."

"Ni kweli, mama. Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi. Sikuja kumkataza. Nikimkataza atakwenda kuruka kwenye ukuta wa jirani, na huko hakuna wa kumdaka." Alikaza buibui lake. "Ila nilimzaa na shingo moja, mwalimu. Sina nyingine ya akiba."

Nilimwahidi kwamba nitamrudisha kama alivyomleta. Alipoondoka nilitazama viganja vyangu, na kwa mara ya kwanza niliviona vidogo.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa. Bendera ya Mwingereza ilikuwa juu ya mlingoti, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na wageni wake walikaa kwenye viti, na akina mama walikaa upande wao chini ya turubai, karibu na meko walikopika chakula cha wageni. Tulishindana na shule ya misheni kutoka huko juu uwandani, Newala, ambayo wanafunzi wake walishuka kwa lori. Mwalimu wao nilisoma naye ualimu, Mmakonde mcheshi, na hatukuwahi kukutana bila kuchokozana.

Wanafunzi wangu walitokea Rasbura pamoja, kwa kuwa mama yule aliwaalika wote kwake asubuhi, yeye na wenzake wawatayarishe. Mwenzangu wa Newala aliwaona kabla yangu.

"Ndugu yangu," alisema, "umeleta wachezaji au kitoweo? Naona hawa wamekwisha kaangwa."

"Na wako wamekuja na vumbi lote la Newala. Maji yamekwisha huko juu?"

"Yalikuwepo lini?"

Nilicheka, kisha nikageuka kuwatazama, na kicheko kikanikauka mdomoni. Wanafunzi walikuwa wanang'aa. Kaptula zao na fulana zao zisizo na mikono zilikuwa nyeupe pe, na kila palipoonekana ngozi, paliwaka jua. Harufu ya mafuta ya nazi ilinifikia kabla wao hawajanifikia.

Asiyekulia pwani ile huenda asione kosa liko wapi, na kwa kweli kwetu halikuwa kosa. Mtoto hatolewi mbele za watu amepauka. Akienda arusini, akienda maulidi, hupakwa mafuta mpaka magoti na visigino, la sivyo watu watauliza kama hana mama. Siku ya mtoto kutazamwa na Bwana Shauri, mama gani angeacha? Mazoezini walinijia wakiwa na vumbi la siku nzima, na ngozi yenye vumbi hushikika. Sasa nilimkamata yule mvulana juu ya kiwiko, nikabana, na vidole vyangu vikateleza hadi kwenye kifundo cha mkono kana kwamba nimeshika samaki.

"Fungua viganja."

Akafungua. Navyo vilikuwa laini, vimekolea.

Nilijaribu kumfuta kwa gunia, lakini mafuta yaliyopakwa tangu asubuhi huwa yameingia. Ukifuta, mengine hutoka. Nikamwambia mruko wa leo tunauacha.

"Mwalimu, watasema nimeogopa."

"Waseme. Mimi nimeogopa."

Alitazama upande wa turubai, nami nikajua ni lazima niende huko, kwa kuwa mama yake hakupaswa kusikia jambo hili kwa mtu mwingine. Nilimkuta kati ya wenzake, leso mpya, uso umetulia.

"Mama, ninamwondoa kwenye ule mruko."

"Kwa nini? Anaumwa?"

"Hashikiki. Ni mafuta."

"Mafuta yangu?"

"Angepakwa na mama yeyote, mama. Ni mazuri. Ila siwezi kumdaka."

Aliinuka, akaenda mekoni, akachota jivu la pembeni lililopoa, akalifunga kwenye pindo la leso. Mwanamke mmoja akamuuliza, "Mwenzetu, unakwenda kusugua sufuria?"

"Nakwenda kusugua mwanangu," alijibu, akapita.

Mbele ya uwanja mzima alimpaka mwanawe jivu, mabegani, mikononi, kwenye viganja, mpaka akawa wa kijivu kama aliyetoka kaburini. Kila alichokifanya tangu alfajiri alikifuta kwa mkono wake mwenyewe. Upande wa Newala wakaanza kucheka. Mama hakuinua macho. Alipomaliza nilimbana tena mvulana juu ya kiwiko, vidole vikashika, nikakubali aruke.

Lakini jivu lina sharti lake. Likiwa kavu, hunyonya mafuta na mkono hushika. Likikutana na mafuta na jasho, huwa kama sabuni. Mvulana alipangiwa aruke wa mwisho, na jua lilikuwa kali. Niliona tone la kwanza likishuka shingoni mwake, nikamkimbilia mwenzangu.

"Naomba tutangulie."

Alifungua mdomo kufanya mzaha, akaniona uso, akaufunga. "Tangulieni," alisema, akaenda mwenyewe kuwaambia waamuzi.

Nilisimama mahali pangu. Nilijipaka jivu lililobaki viganjani. Mvulana alikuja mbio, ubao ukalia, viganja vikagonga gunia, na cha kushoto kikateleza. Niliuona mkono ukikunjika kama siku ile. Nilimkamata juu ya kiwiko, vidole vikaanza kushuka, vikashuka, kisha vikanasa. Nilikwenda naye. Alitua kwa magoti kwenye magunia, akayumba, akasimama.

Waamuzi walikata alama, na Newala walishinda kwa haki. Wakati huo sikusikia chochote. Nilikuwa bado nimemshika.

"Mwalimu," alininong'oneza, "niachie, nimeshafika chini."

Vidole havikufunguka. Mama yake alifika, akapitisha kiganja nyuma ya shingo ya mwanawe, taratibu, kutoka nyweleni hadi mabegani, akarudia tena. Ndipo akanifungua vidole kimoja kimoja.

"Nendeni mkaoge," alisema. "Wote wawili mnatisha."