Nani Alimzika Wegesa?

Harufu ya nyasi mbichi za kuezekea ndiyo inayonirudisha mwaka ule serikali ilipotuhamishia vijiji vya ujamaa. Tulitolewa kwenye makazi yetu ya zamani upande wa Butiama, nami sijafika hata darasa la tatu, na kanisa letu dogo likagawanyika: sisi lori likatushusha kijiji kipya cha Buswahili, wengine wakapelekwa mbali, upande wa Bunda. Mama yangu, Nyabise, hakulia. Alisema tumaini letu limewekwa mbinguni, halikupakiwa kwenye lori, kwa hiyo wale wa Bunda bado ni ndugu zetu na tutaketi nao tena, wapende wasipende waliotutenganisha. Basi kila alfajiri, kabla ya jembe, akawa anatugawia majina yao ya kuombea, kama anavyogawa ugali. Kaka yangu Magesa alipewa Nyangeta na mumewe Masinde. Mimi nikapewa Bibi Wegesa, mjane aliyekuwa akinifinya sikio nikisinzia kanisani. Sikumpenda hata kidogo. Nilimwombea tu kwa sababu Mama alikuwa anasikiliza.

Siku moja balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Wambura, alirudi kutoka mnadani Bunda akapitia kwetu. Hakuwa mtu wa kanisa. Alisimama mlangoni akasema, "Mama Magesa, yule Wegesa wenu amekufa. Au nyie mnaombeaga na wafu?" Kwetu hatuwaombei wafu, na Mama alilijua hilo kuliko yeye. Akaendelea kupepeta mtama wake. "Nani alimzika?" akauliza. "Nitajie mmoja aliyeshika jembe kaburini." Mzee Wambura akasema yeye kasikia tu. "Basi bado ni wetu," Mama akasema. Usiku ule niligundua kwamba naogopa. Nilikuwa nimemwombea vibaya, kwa haraka, na sasa pengine kweli alikuwa amekufa mikononi mwangu.

Ilikuwa wakati wa palizi ya shamba la kijiji, hakuna kuondoka bila ruhusa. Mama akaomba ruhusa ya kwenda Bunda, balozi akakataa. "Ukienda, utajibu mkutanoni." Mama akajifunga kanga, akafunga udaga wa muhogo kwenye kitambaa. "Nitajibu nikirudi," akasema, akanishika mkono. Tulitembea siku moja na nusu. Tulimkuta Wegesa kwenye kibanda ambacho hakijaisha kuezekwa, amekonda, miguu imevimba, lakini anakoka moto mwenyewe. Akamwambia Mama, "Nyabise. Huku walisema lori lenu lilipindukia mtoni, mkaisha wote. Nikawaambia nitaacha kuwaombea siku Bwana mwenyewe atakaponiambia." Halafu akanigeukia mimi. "Na huyu, jina lake lilinipotea. Nimekuwa namwombea kama Msinziaji. Naona Mungu alielewa." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia, kisha nikamwambia naitwa Bhoke.

Tuliporudi, Mama alijibu mkutanoni kama alivyoahidi. Wakampa siku saba za ziada kwenye shamba la kijiji. Alizilima zote, akitaja majina ya watu wa Bunda kwa sauti, mmoja kila tuta, mpaka wanawake wa matuta ya jirani, hata wasiosali, wakayajua kwa moyo.

Sasa naishi mjini, Nyasho, kwa mjukuu wangu. Siku hizi watu wanahama wenyewe, hakuna lori linalowakamata, na simu wanazo mfukoni. Wanatumiana picha ya viganja vilivyounganishwa, imekwisha, mtu ameombewa. Jumapili iliyopita mwinjilisti wetu, kijana mpole, aliniinamia nikiwa katikati ya kuwaombea waliohama, mmoja mmoja kwa jina, akaninong'oneza, "Bibi, fupisha kidogo. Sema tu, na ndugu wote popote walipo." Nikamwambia akae kama miguu imemchoka, maana nilikuwa bado niko Bunda, na waliohamia Mwanza sijawagusa.