Mteremko wa Bure

Bukavu, mteremko ni wa bure. Baba yangu alijifunza hivyo katika miaka ya foleni za esansi, yaani petroli: ukifika juu ya kilima, weka point mort, gia isishike tena, uache gari liteleze lenyewe hadi bondeni. Kila tone linalobaki ni zawadi ya Mungu.

Halafu akanunua gari dogo jeupe, mtumba, lenye injini ya esansi na mota ya umeme chini ya boneti moja. Baba ni mwalimu wa fizikia, kwa hiyo wiki nzima tulikula ugali kwa hotuba.

"Injini ya zamani inatupa moshi wakati nguvu ingali ndani," alisema. "Hii mupya inachelewa kufunga mulango ya hewa. Inakandamiza kidogo, inasukuma murefu. Sawa muntu mwenye kukamua ndizi za pombe ya kasiksi: hatoke pale mpaka maganda yalie."

"Na kwa kilima?" maman akauliza.

"Kwa kilima iko zaifu kidogo. Njo maana umeme iko inaisaidia."

"Ah, Papa. Umeleta kwangu mashini yenye kuitaji boyi."

Maman alitaka gari hilo libadilishwe kwa jeep ya kaka yake, kuukuu, inayokunywa kama mgeni wa harusi lakini ingefika Bunyakiri, kwenye mashamba yake ya mihogo. Mimi nililipenda gari jeupe kwa sababu lilikuwa kimya. Ndani yake nilisikia sentensi za hadithi zangu zikitembea kichwani. Wakakubaliana, mimi nikiwa shahidi: tangi likaushwe, limiminiwe lita tano tu, twende Lwiro na kurudi. Likifika lenyewe kwenye mlango wetu, Cimpunda, linabaki. Likizima njiani, jeep inakuja.

Tuliondoka Jumapili baada ya misa ya kwanza. Maman alivaa libaya mpya, blauzi ya kitenge, na viatu vya rangi ya dhahabu, kana kwamba anakwenda kupokea jeep yake.

Kwenye mteremko wa kwanza mkono wa baba ukaenda wenyewe: point mort. Kwenye kioo kidogo mbele yake, mshale wa kijani, ule unaorudisha nguvu ya magurudumu kwenye betri, ukazimika. Niliuona. Gari lile hujilisha linapoteremka, na mwalimu wa fizikia alikuwa analifunga mdomo kila kilima, kwa uaminifu wote wa ujana wake.

Nikafungua kinywa. Maman, ambaye macho yake hayapitwi na kitu, akageuka na kuniwekea hindi la kuchoma mkononi.

"Kula, mutoto wangu. Muntu hasemake na mudomo imejaa."

Nilikula mahindi matatu mpaka Lwiro. Kurudi, manne. Ninakiri: usaliti ulikuwa mtamu, na ulikuwa na chumvi.

Tulipokaribia mji, taa ya esansi ilikuwa imewaka kitambo na betri imebaki na kijistari kimoja. Mbele yetu kulikuwa na mteremko mmoja mrefu, kisha mpando wa Cimpunda, ambako misa ya pili ilikuwa inatoka na barabara imejaa wamama wa kwaya ya maman.

"Ikizima pale katikati?" maman akauliza.

"Tutashuka, tusukume," baba akasema kwa huzuni. "Siye wote watatu."

Maman akatazama libaya. Akatazama viatu. Akatazama, mbali, vitambaa vya kichwa vya kwaya nzima.

Mkono wa baba ukaanza safari yake. Maman akaupiga kofi.

"Acha ile levier ya gia! Hauone mushale? Tangu asubuhi uko unainyima chakula!"

Baba akamtazama mke wake, akautazama mshale uliokuwa ukiwaka kijani, kisha akanitazama mimi kwenye kioo cha kuonea nyuma, nikiwa na punje za mahindi kidevuni.

"Mulikuwa munajua," akasema.

Nikapangusa kidevu. Mteremko wote betri ilikula, vijistari vikapanda kimoja kimoja, na tukapita katikati ya kwaya kimyakimya, maman akipunga mkono kama mke wa gavana. Injini ilikohoa mara mbili kwenye kona ya mwisho; umeme ukatufikisha mlangoni.

Jeep haikuja. Lakini mpaka leo, tukiteremka, mkono wa maman ndio unaokaa juu ya levier, na wa baba juu ya wake, ukijaribu bado kuweka point mort.