Niliitia Esanse Mashine ya Mke Wangu

Kosa ni langu, wasomaji, msihangaike kunitafutia shetani wa kumsingizia. Shetani hakuwepo. Alikuwepo mzee mmoja mwenye diplome ya sekondari, na mzee huyo ni mimi.

Mke wangu alikuwa na mashine ya kusaga hapa Bunia. Yake, si yangu! Aliinunua kwa ng'ombe alioachiwa na baba yake, nayo ndiyo ilitulisha tangu nilipoacha kazi. Mimi niliiwasha asubuhi na kupokea sifa.

Msimu huu wa mvua injini ilianza kulia vibaya. Pigo moja lina nguvu, la pili dhaifu, la tatu halipo kabisa, kisha moshi mweupe. Mke wangu, Mama Neema, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Papa Neema, motere iko naruka. Ita fundi aangalie enjekta."

"Weye mama, mekaniki ulisomea wapi?"

"Sikusoma. Lakini niko na masikio."

Nikamhurumia, maskini! Nikamfundisha kwamba ndani ya injini ya mazutu, yaani dizeli, hakuna milipuko miwili inayolingana. Na ni kweli, tofauti ndogo ni kawaida. Lakini injini inayoruka pigo zima ni mgonjwa, na mimi ukweli huo mdogo niliufanya blanketi la kufunikia uvivu wangu.

Kisha nikaleta dawa. Akili yangu tukufu iliwaza hivi: esanse, yaani petroli, hushika moto upesi, basi nikiichanganya na mazutu, kila pigo litawaka. Nikanunua chupa kwa kadhafi, wale wauza mafuta wa kando ya barabara, nikaimimina tangini. Loo! Injini ya mazutu haina cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na humo esanse ndiyo huchelewa, halafu hulipuka yote kwa mara moja.

Injini ikagonga kama nyundo. "Sikieni nguvu!" nikawaambia wanawake waliopanga mstari na mabeseni ya muhogo, wengi wao wakimbizi kutoka Djugu.

"Muzee, hiyo ni nguvu ao ni kilio?" mmoja akauliza. Wakacheka. Mimi nikaongeza mwendo, ili kelele imeze kicheko chao.

Pistoni ikapasuka. Oili nyeusi ikaruka hadi ukutani, kisha kimya. Wanawake wakajitwika mabeseni, wakaenda zao.

Fundi alipofungua, alisema enjekta ilikuwa inadondosha mazutu badala ya kuyanyunyiza. Kuisafisha ingekuwa kazi ndogo tu. Sasa injini nzima ni chuma cha kutupa!

Mama Neema hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Siku hizi anawasagia watu kwenye mashine ya jirani, kama kibarua, yeye aliyekuwa mwenye mashine.

Ninyi wenye diplome ukutani, injini ikilia vibaya, iteni fundi, msitoe somo. Jana nilijitolea kumsindikiza mke wangu kazini.

"Bakia tu, Papa Neema," akaniambia. "Mashine ya kule ingali muzima."