Folda Isiyo na Jina la Mtu

Dufie hafuti mtu kabla ya mwaka. Hiyo ni sheria ya duka lake, na mtaa mzima wa Bantama tunaijua. Ukimpelekea msiba wako atakuchapia kijitabu cha ibada, mabango ya ukutani na fulana zenye picha, na ndani ya kompyuta marehemu wako atafunguliwa folda yenye jina lake kamili, kuanzia jina la siku aliyozaliwa mpaka la kanisani. Folda itakaa hapo hadi ibada ya kumbukumbu ya mwaka. Ikishapita, Dufie anaifuta huku akisema kwa sauti, "Nenda salama." Nilimcheka sana kwa hilo, mpaka nikazoea.

Kibanda changu kimegusana na duka lake. Nashona nguo za msiba, nyeusi na nyekundu, na nyeupe za siku ya shukrani. Tulikuwa tukitaniana kwamba mji huu ukigoma kufa, sisi wawili tutakula mawe.

Sheria yake ya pili ilikuwa kali kuliko ya kwanza: mtu aliye hai haandikwi jina kwenye folda. Akija bwana harusi kuchapisha kadi, Dufie anaandika "Harusi ya Jumamosi" na basi. Barua za shule za binti yake Pokuaa ziliitwa "Mambo ya mtoto". Mteja mmoja mjuaji aliwahi kumuuliza kwa nini, akamjibu, "Baba, unataka nikulaze kati ya hawa?" Yule bwana akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Duka na vyumba viwili vya nyuma alivijenga mumewe, Yaw Domfeh, tofali kwa tofali, Dufie akimbebea maji ya saruji kichwani na Pokuaa mgongoni. Lakini kwetu Waasante mali ya mwanamume inarudi kwa ukoo wa mama yake, kwa mpwa wake, labda awe amesema vingine kwa kinywa chake, akili zikiwa timamu, mbele ya mashahidi. Serikali ina sheria yake, najua. Ila nani ana miaka ya kukaa mahakamani?

Domfeh alianguka Jumamosi asubuhi, akinyoa ndevu. Ndani ya teksi ya kumpeleka hospitali alimshika Dufie mkono akasema, "Nimesema. Iko ndani ya mashine." Hakuongeza neno. Jumatatu alikuwa amekufa.

Dufie akajua maana yake. Mumewe alikuwa amejirekodi akisema nyumba ni ya nani, na sauti hiyo ndiyo ingemwokoa yeye na mtoto. Ukoo ulishapanga kwamba siku ya arobaini watakaa uani, watazame mali na kumkabidhi mpwa, kijana mmoja mnene anaitwa Barima, ambaye tangu wiki ya kwanza alikuwa akipita dukani kupima kuta kwa hatua za miguu yake. Siku moja alisimama mlangoni kwangu. "Auntie, hapa mbele nikiweka duka la simu, si patapendeza?" Nilimwambia maiti ya mjomba wake bado haijapoa. Akacheka, akaendelea kuhesabu hatua.

Dufie alitafuta. Aliiandikia mashine jina la mumewe kwa kila namna, mashine haikuleta kitu ila folda ya msiba wake. Akafungua folda za marehemu wote mmoja mmoja, akidhani labda aliiweka kwa bahati mbaya kwenye msiba wa mtu. Aliyeweza kujua ni Katekista Amponsem, rafiki wa Domfeh wa kanisani, ila mzee huyo alikuwa kwa binti yake, mbali huko mjini Wenchi, na masikio yake yamekufa. Ukimpigia simu anakuombea baraka, anakata.

Zikabaki siku nne. Kijitabu cha arobaini ya Domfeh mwenyewe kilikuwa karibu kukamilika, kurasa arobaini na nane zilizojaa picha, na hapo ndipo mashine ilipogoma kuhifadhi. Ilisema imejaa. Nilikuwa nimeingia kuazima mkasi, nikamkuta Dufie ameshika tama mbele ya skrini.

Akampigia fundi Kusi, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa kwenye kibodi, simu ilikuwa ya sauti kubwa, kwa hiyo maneno ya fundi niliyasikia kwa masikio yangu. Sina pa kujificha.

"Dada Dufie," fundi alisema, "unaona folda zenye majina marefu, herufi na namba zimechanganyika hovyo?"

"Naziona. Ziko tisa. Sijui zimetoka wapi."

"Mara nyingi ni mabaki. Mashine ikijisasisha inaacha makapi yake. Hayo yanafutika. Ila ile iliyoandikwa Windows usiiguse hata kwa ukucha, utaua mashine. Na hayo tisa pia, fungua kwanza moja moja. Kitu usichokijua, kinakili kwenye flashi, ndipo ufute. Umenisikia?"

"Nimekusikia, kaka."

Flashi ilikuwa kwa mwalimu wa kwaya, na mwalimu wa kwaya alikuwa ameenda shamba.

Tulizifungua. Nane zilikuwa nzito, ndani mna vifaili vya majina yasiyotamkika, mamia kwa mamia. Ya tisa ilikuwa nyepesi. Ndani mlikuwa na faili moja tu. Dufie alipoibonyeza, mashine ikauliza ifungue kwa programu gani. Akachagua ile anayoandikia barua, ukurasa ukajaa alama za ajabu, vijisanduku na vistari, kama kuku amekanyaga wino.

"Uchafu," nikasema.

Dufie alikuwa anatazama tarehe. "Dada Konadu, hii ni ya Alhamisi ile. Siku mbili kabla Domfeh hajaanguka."

"Sasa?"

"Alhamisi ile umeme haukuwepo mpaka jioni, na mimi nilikuwa kwenye mkesha wa msiba wa kina Frema. Mashine ilijisasisha saa ngapi?"

Niliona ana hoja, sitaficha. Lakini nilikuwa na nguo sita za wafiwa hazijapigwa pindo, na mimi nikiwa na haraka huwa na mdomo kuliko akili. Nikamwambia mashine zina saa zake.

"Hii ni ndogo," akasema. "Hata nikiiacha hainizuii kitu. Nane zinatosha."

"Unafagia nyumba, kona moja unamwachia nani? Hujasikia ni makapi? Futa, mwanamke, kijitabu kisubiri nini!"

Akaitazama tena, akanong'ona, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu, "Haina jina la mtu."

Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake miaka yote. Penye jina pana mtu wa kuagwa, pasipo na jina hapana mtu. Akazichagua zote tisa, akafuta, akamwaga na pipa la taka. Hakusema "Nenda salama". Mashine haikufa. Ikajizima na kuwaka vizuri, nafasi ikawa tele, kijitabu kikahifadhiwa na kuanza kuchapwa jioni ileile. Nilijiona mtu wa maana sana. Nilikula fufu yangu siku hiyo kwa furaha.

Asubuhi ya siku ya arobaini nilikuwa namfunga Dufie kitambaa cheusi, pini zimenijaa mdomoni, Katekista Amponsem akaingia moja kwa moja kutoka kituo cha magari, begi bado begani. Anaongea kwa kelele kama viziwi wote.

"Mwanangu Dufie! Pole tena. Sauti ya mumeo ukoo umeshaisikia?"

"Sijaipata, baba," Dufie akamwambia karibu na sikio. "Nimetafuta kila penye jina lake."

"Jina lake?" Mzee akashangaa. "Wapi! Mimi mwenyewe nilimwambia, Yaw, andika jina lako. Alinicheka. Akasema, 'Katekista, unataka kunizika? Kwenye mashine hii mwenye jina ni maiti. Mke wangu akiliona jina langu humo atazirai.' Akaichomeka katikati ya yale mafolda ya mashine yenyewe, akaibatiza namba kama yale. Angekuonyesha Jumapili baada ya kanisa."

Pini ilinichoma ulimi. Dufie hakulia. Alinigeukia tu, akanitazama, na nilitamani anitukane.

Fundi Kusi aliitwa mbio. Alihangaika na mashine ile saa mbili na nusu, jasho linamtoka, kisha akaeleza polepole. Kitu kilichofutwa hakiondoki mara moja. Hubaki pale pale mpaka kitu kingine kikikalie. Na kijitabu kizito cha Domfeh, na picha zake zote akitabasamu, ndicho kilichokalia sauti ya Domfeh.

"Nimeokoa kipande," akasema. "Sekunde kama kumi. Sijui kama kitafaa."

Alasiri ukoo ukakaa uani, upande mmoja wanaume, upande mwingine wanawake, viti vya plastiki vya kukodi. Mkuu wa ukoo, Mzee Twumasi, akamimina pombe chini, akawataja waliotangulia. Kisha Katekista akaomba marehemu asikilizwe. Kusi akaweka kompyuta yake ndogo juu ya meza, akaongeza sauti.

Kikohozi kikasikika. Jogoo akawika kwa mbali, yule wa kwangu, nilimjua. Halafu Domfeh mwenyewe, sauti nzima, haijambo kabisa: "Mimi Yaw Domfeh, nina akili zangu timamu, leo Alhamisi nasema hivi. Nyumba hii na duka hili nampa—"

Baada ya hapo kukawa na mkwaruzo, kama mchanga unamwagwa juu ya bati. Kisha kimya.

Wanawake walishaanza kulia kwa kuisikia sauti tu. Mzee Twumasi akasubiri watulie.

"Anampa nani?" akauliza.

Kusi akatazama chini. "Hapo ndipo palipoishia, Nana, mzee wetu."

"Mkewe!" Katekista akapiga kelele. "Alisema Dufie na Pokuaa! Nilikuwepo, nilikuwa nimekaa naye!"

"Katekista, tunakuheshimu," mzee akasema. "Lakini shahidi mmoja si mashahidi. Na masikio yako, baba, nayo tunayajua."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani cha kuficha aibu. Barima hakucheka. Alisema kwa upole kwamba kama mjomba alikuwa anampa mpwa wake, nani aliyepo hapa wa kubisha? Nilisimama niseme ni mimi niliyesema futa. Nikaambiwa nikae, mimi si wa ukoo, jambo hili halinihusu. Nikakaa. Funguo zikapita mkono kwa mkono mbele yangu mpaka kwa Barima.

Walimwachia Dufie mashine kwa kuwa ni kuukuu. Sasa iko kibandani kwangu, meza moja na cherehani, na Dufie na Pokuaa wanalala chumba nilichokuwa naweka vitambaa. Wateja wanakuja vilevile. Ule upande wa pili wa ukuta kuna redio ya duka la simu kuanzia asubuhi.

Siku ya kwanza tu alipoiwasha mashine hapa, Dufie alimtuma Pokuaa sokoni, akanifukuza na mimi. Nilipita dirishani nikamsikia anaisemea simu, neno moja moja, anataja vitu vyake vichache na nani wa kuvichukua. Niliporudi alikuwa amefungua folda mpya ya kuweka sauti hiyo. Aliiandika jina lake kamili, la siku aliyozaliwa, la ukoo na la kanisani, na mashine ikaipanga yenyewe kwa herufi, juu yake Akosua Nyarko, chini yake Akwasi Poku, wote tumewazika mwaka huu.

Nikaweka mkasi chini. "Dufie, mbona unajitakia mabaya? Hapo ni pa wafu. Tafadhali futa hiyo."

Hakugeuka. "Dada Konadu," akasema, "neno hilo usiniambie tena."

Nikachukua mkasi wangu nikaendelea na kazi.